Sataranji ya Uganda na Mlango wa Budo

Mwaka 2005 viongozi wa mchezo wa sataranji nchini Uganda walipelekewa ombi ambalo kanuni zao hazikulitazamia. Robert Katende, kijana mcheza kandanda ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameanza kuwafundisha sataranji watoto wa mtaa wa Katwe, mjini Kampala, aliomba watoto wake waingizwe katika mashindano ya shule yaliyofanyika King's College Budo. Mashindano yalikuwa ya shule, na watoto hao hawakuwa timu ya shule yoyote; wengine hawakuwa na karo ya kukaa darasani hata muhula mmoja. Viongozi walisita, kisha wakawaruhusu.

Uamuzi huo haukutangazwa kwa shangwe, wala haukuigharimu hazina ya taifa. Lakini yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2009 watoto watatu wa Katwe, yaani Phiona Mutesi, Ivan Mutesasira na Benjamin Mukumbya, waliiletea Uganda ushindi mjini Juba katika mashindano ya watoto wa Afrika. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Urusi kushiriki Olimpiadi ya sataranji, na mwaka 2012, huko Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha kimataifa katika mchezo huu. Filamu iliyotengenezwa juu ya habari hizo ikaonyeshwa duniani mwaka 2016.

Filamu ni jambo jema, ila imewafanya watu wengi waamini kwamba Katwe ni muujiza, na muujiza haupangiwi ratiba. Kwa kweli kazi ya Katende ilikuwa na utaratibu ulio wazi kabisa. Watoto waliitwa kwa bakuli la uji. Waliokuwa hawapendi mpira walipewa ubao wa sataranji. Aliyejua alimfundisha asiyejua, bila kujali umri. Phiona mwenyewe, alipofika akiwa na umri wa miaka tisa hivi, aliwekwa mbele ya mtoto mdogo kuliko yeye ili amwonyeshe jinsi kete zinavyokwenda.

Maafisa na askari hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Jeshi lenye majenerali hodari lakini lisilo na makoplo na masajenti wa kuwafunza kuruta haliwezi kudumu. Chama cha mchezo ni vivyo hivyo. Uganda ina wachezaji wa cheo cha International Master, kama Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, na ni haki kujivunia. Lakini kila Olimpiadi inapokaribia, ambayo huja mara moja katika miaka miwili, tiketi za ndege huzungumzwa kuliko idadi ya walimu wa mchezo walioko Arua, Soroti au Kabale. Ugonjwa huu si wa sataranji peke yake. Vyama vingi vya michezo vinao, na uchaguzi wa viongozi wake hupiganiwa kana kwamba kiti ndicho kikombe.

Sheria ya Michezo ya mwaka 2023, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1964, inavitaka vyama vya taifa vienee wilayani. Wako wanaolalamika kwamba sharti hilo ni zito kwa vyama maskini. Malalamiko hayo yana ukweli, kwani wilaya ni nyingi na fedha ni chache. Hata hivyo sataranji ina udhuru mdogo kuliko michezo mingine. Haihitaji uwanja, wala viatu, wala mvua ikatike. Kete 32 na ubao, au katoni iliyochorwa miraba 64, vyatosha. Nayo mashindano ya shule yenye jina la Padri Damian Grimes, aliyekuwa mkuu wa Chuo cha Namasagali, yamekwisha kuonyesha kwamba shule zikiitwa huja.

Husemwa pia kwamba mchezo huu ni wa madaktari na wa wasomi wa Makerere, na kwamba Kiganda hakikuwa na neno lake. Kiswahili, lugha ya kambini, kinalo neno sataranji tangu zamani, kutokana na majirani wa Bahari ya Hindi.

Katwe iko katika Tarafa ya Makindye. Kambi ya polisi ya Nsambya imo katika tarafa hiyo hiyo, na watoto wake wakati wa likizo wana saa nyingi na kazi chache. Ofisa wa michezo wa kambi atakayewakusanya kumi na wawili, akawapatia mbao sita na koplo mmoja ajuaye mchezo, atakuwa na klabu kabla ya muhula kufunguliwa. Kisha ataandika barua kwa Shirikisho la Sataranji kuomba watoto hao waandikishwe, ingawa hawatoki shule moja. Na jibu litakaloandikwa chini ya barua hiyo ndilo litakaloonyesha kama mlango uliofunguliwa Budo mwaka 2005 ungali wazi.