Moto wa Jua na Gaskiti ya Pampu

Maelezo yaliyotolewa kwenye chakula cha hisani cha mwaka cha chama chetu



Tumeombwa tueleze kazi tunayofanya Uingereza, maana nyumbani zimeenea habari kwamba sisi wawili tunatengeneza jua. Bibi mmoja alituuliza juzi kama hili lililopo limeharibika. Hapana bibi, ni zima.

Jua huwaka kwa kuunganisha viini vya atomi za hidrojeni. Wanasayansi wanajaribu kulifanya jambo hilo duniani, ili siku moja litupe umeme. Pale Culham, karibu na Oxford, kulikuwa na mtambo uitwao JET, ulioanza kazi mwaka 1983 na kufungwa Desemba 2023. Ndani yake gesi ilipashwa moto hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi, mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Hakuna chuma cha kubeba moto huo, kwa hiyo gesi hushikiliwa katikati kwa nguvu za sumaku isiguse kuta. Katika miezi yake ya mwisho mtambo ule ulitoa megajuli 69 kwa muda wa sekunde tano hivi. Kwa hesabu ya jikoni hilo ni joto la kilo mbili na ushei za mkaa. Mnacheka, lakini fueli iliyotumika ilikuwa miligramu 0.2 tu. Ni kweli pia kwamba mtambo ulikula umeme mwingi kuliko nishati uliyotoa. Kazi bado mbichi.

Sisi wenyewe hatuugusi moto huo. Timu tunayoiongoza ina wahandisi na mafundi kumi na wanne, na kazi yake ni vifaa vya kuuhudumia: pampu za kunyonya hewa, mabomba ya kupoozea, vali, na mashine za kujaribia vipuri kabla havijafungwa. Kwenye harusi husifiwa mpishi, aliyepasua kuni hatajwi. Sisi ndio wapasua kuni.

Lakini kuni zikiwa mbichi, wote mnalala njaa. Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, unajengwa mtambo mkubwa zaidi uitwao ITER. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mabomba ya kupoozea ngao zake za joto, yenye urefu wa kilomita 23 kwa jumla, yalikuwa na nyufa. Chanzo kilikuwa masalia ya klorini yaliyonaswa karibu na sehemu zilizochomelewa. Vipande vya chombo kikuu navyo vilikutwa na kasoro za vipimo. Kipande kimoja kilichokwisha kuteremshwa mahali pake kikabidi kitolewe tena shimoni. Hesabu za wanasayansi hazikuwa na lawama hapo.

Na sisi tumeyaona ya kwetu. Mwaka mmoja tulijenga chombo cha kujaribia, ambacho ndani hakitakiwi kubaki hewa. Kilivuja. Njia ya kutafuta tundu ni kupuliza heliamu nje, huku kifaa kilichounganishwa na ndani kikinusa kama imepenya. Tulipuliza wiki tatu, kiungo kwa kiungo, hadi tukaikuta gaskiti yenye mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kijana aliyeifunga akasema aliuona mkwaruzo ule siku ya kwanza. Kwa nini hakusema? Kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumemfokea mwenzake kwa kuchelewesha kazi.

Kosa lile lilikuwa letu, si la kijana. Tangu hapo kila asubuhi tunaanza kwa kuuliza nani ameona kasoro, na anayeisema anashukuriwa mbele ya wote, hata kama kazi itasimama. Si rahisi. Tarehe ya kukabidhi ikikaribia, ulimi wa kiongozi huwasha.

Sasa turudi nyumbani. Pampu ya maji ya zahanati, ambayo ukumbi huu uliichangia, ilisimama miezi minne. Kina mama waliokwenda kujifungua walibebewa maji kwa ndoo. Tulipokwenda likizo tuliifungua: sili imekwisha, maji yameingia kwenye beringi. Mlinzi alituambia aliisikia ikikoroma tangu mwanzo, ila hakujua amwambie nani, wala hapakuwa na spana wala sili ya akiba. Sisi sote tulikuwa tumepiga picha na pampu siku ya uzinduzi, tukaondoka.

Wazee wetu waliochimba ndiva hawakufanya hivyo. Waliitana msaragambo kuondoa tope, mwaka baada ya mwaka, na kila mtu alijua zamu yake ya maji na ya jembe.

Tunajua kamati imeweka pampu ya pili kwenye orodha ya mwaka huu, na tunajua jina la mfadhili huandikwa vizuri zaidi kwenye pampu kuliko kwenye gaskiti. Hata hivyo tunaomba, kwa heshima zote, pampu hiyo isubiri. Fedha zitangulie kwenye sili na beringi za akiba, sanduku la spana, daftari la matengenezo, na ada ya vijana wawili wa kijijini wakasomee ufundi VETA, kisha walipwe posho ya kuitunza ile iliyopo. Mlinzi naye apewe namba ya simu ya mtu mmoja atakayepokea.

Ada ya kijana wa kwanza tumeileta sisi. Ya wa pili tunauachia ukumbi. Mhazini amekaa meza ya karibu na mlango, na kitabu cha risiti anacho.