Chai, Kitunguu na Mshipa wa Damu: Flavonoidi za Mimea na Kinga ya Moyo

Mwaka 1985 wazee 805 wa mji wa Zutphen, Uholanzi, waliketi na watafiti kueleza wanachokula na wanachokunywa. Wote walikuwa wanaume, wa kati ya miaka 65 na 84. Miaka mitano baadaye, 43 kati yao walikuwa wamefariki kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Michaël Hertog na wenzake walipolinganisha vifo hivyo na yale maelezo ya chakula, walikuta kwamba wazee waliokuwa wakipata flavonoidi kwa wingi walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa huo isiyofika hata nusu ya ile ya wenzao waliozipata kidogo. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo hayo mwaka 1993.

Kilichowavutia wengi ni mahali zilikotoka flavonoidi zenyewe. Asilimia 61 ilitoka kwenye chai, asilimia 13 kwenye kitunguu maji na asilimia 10 kwenye matufaha. Hapakuwa na mzizi adimu wala dawa ya chupa yenye picha ya simba. Na kiasi chenyewe kilikuwa kidogo: wastani wa miligramu 26 kwa siku za aina tano zilizopimwa.

Habari ingeishia hapo, mada hii isingekuwa na haja ya kuandikwa. Lakini Hertog huyohuyo alikwenda kuangalia kundi jingine, safari hii wanaume wapatao 1,900 wa Caerphilly, kusini mwa Wales, waliofuatiliwa kwa miaka hadi 14. Nao walikuwa wanywaji wakubwa wa chai. Matokeo yaliyotoka mwaka 1997 yalikuwa kinyume: flavonoidi hazikuonyesha kuwakinga na ugonjwa wa moyo, na walioongoza kwa chai hawakuishi zaidi ya wengine.

Majani ni yaleyale, moyo ni uleule wa binadamu. Tofauti ilitoka wapi?

Jibu la kwanza ni la mazingira. Caerphilly, mnywaji mkubwa wa chai mara nyingi alikuwa mfanyakazi wa kazi za mikono, mvutaji wa sigara na mlaji wa mafuta mengi. Uchunguzi wa aina hii hauwezi kuitenganisha chai na maisha ya anayeinywa, hata hesabu zikirekebishwa namna gani. Jibu la pili liko ndani ya kikombe: watu wa Wales hutia maziwa.

Suala la maziwa linastahili kuangaliwa kwa utulivu, hasa mbele ya wasomaji wanaotoka kwenye nchi ambako mtu akisema "chai" bila kuongeza neno, mara nyingi ana maana ya chai ya maziwa. Mwaka 2007 watafiti wa hospitali ya Charité mjini Berlin waliwapa wanawake 16 nusu lita ya chai ya rangi, siku nyingine chai hiyohiyo yenye maziwa, na siku nyingine maji moto matupu. Kila mara walipima kwa ultrasaundi jinsi mshipa mkubwa wa mkono unavyotanuka. Chai ya rangi iliutanua mshipa vizuri. Chai ya maziwa haikufanya lolote zaidi ya maji moto. Watafiti walinyoosha kidole kwa kasini, protini ya maziwa, ambayo hujishikamanisha na katekini, flavonoidi za chai.

Hata hivyo, Waholanzi waliopima damu ya wanywaji mwaka 1998 waliona kuwa maziwa hayakupunguza katekini zinazofika kwenye damu. Tafiti hizo mbili zilipima vitu viwili tofauti, kimoja mwendo wa mshipa, kingine kiasi cha kemikali katika damu, na hakuna uliofuatilia nani alipata mshtuko wa moyo. Ndiyo maana mwandishi wa mada hii haoni sababu ya afisa lishe kwenda kijijini kumnyang'anya bibi maziwa yake.

Hapa inafaa kurudi nyuma kidogo na kueleza vitu hivi ni nini. Flavonoidi ni familia ya kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa mahitaji yake wenyewe: kujikinga na jua kali, kupambana na kuvu na wadudu, kuwavuta nyuki kwa rangi. Zinazojulikana zimepita 6,000. Rangi ya zambarau lililoiva na wekundu wa rozela ni anthosianini. Ukakasi wa chai na wa kakao isiyotiwa sukari unatokana na katekini na ndugu zake. Kitunguu, hasa chekundu, kina kwesetini, tena tabaka za nje zina nyingi kuliko za ndani, kwa hiyo anayemenya kwa pupa hutupa sehemu iliyo bora. Kitunguu kikichemshwa, nyingine huhamia kwenye maji. Mapishi yetu hapo hayana hasara, kwani mchuzi haumwagwi.

Kwamba vitu hivi vinagusa mishipa ya damu si wazo jipya. Mwaka 1936 Mhungaria Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata, aliandika na wenzake kwamba dondoo la limau liliimarisha mishipa midogo inayovuja damu kwa urahisi. Aliliita vitamini P. Kufikia miaka ya 1950 jina hilo lilikuwa limeachwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha ugonjwa unaompata mtu kwa kuzikosa flavonoidi peke yake.

Maelezo ya namna zinavyofanya kazi yalisubiri ugunduzi mwingine kabisa. Mwaka 1998 Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Nobel kwa kuonyesha kuwa mwili hutumia gesi, oksidi ya nitriki, kama mjumbe wa kuilegeza mishipa ya damu. Utando mwembamba unaofunika mshipa kwa ndani huitoa gesi hiyo, misuli ya mshipa hulegea, njia hupanuka, na chembe sahani za damu hazigandamani ovyo. Utando huo ukichoka kwa sababu ya sigara, kisukari au shinikizo la muda mrefu, gesi hupungua na mshipa hukakamaa. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba epikatekini safi, inayopatikana kwenye kakao, ikimezwa na mtu mzima mwenye afya, hutanua mishipa kwa namna inayofanana na kinywaji cha kakao chenyewe. Hapo ndipo sayansi ya flavonoidi na moyo ilipopata miguu ya kusimamia.

Maelezo haya ni tofauti na yale yanayosikika zaidi mitaani, kwamba mimea "inasafisha sumu" au inaua radikali huru mwilini. Kwenye chupa ya maabara ni kweli flavonoidi huzizima kemikali hizo kwa kasi. Ndani ya damu hali ni nyingine, kwa sababu zinazofika huko ni chache mno zikilinganishwa na vitamini C au asidi ya yuriki ambavyo tayari vipo. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka hadharani orodha ya vyakula kulingana na nguvu zao katika kipimo hicho cha chupa. Mwaka 2012 iliiondoa, baada ya kuona inatumiwa vibaya na wauzaji.

Kinachofika kwenye damu hutegemea pia chakula kilichozibeba. Uholanzi tena, mwaka 1995, watu 9 waliokuwa wameondolewa utumbo mpana kwa upasuaji walipewa kwesetini kwa njia tatu. Waliyoila ndani ya kitunguu cha kukaanga ilifyonzwa kwa asilimia 52. Ile iliyosafishwa na kutiwa kwenye kapsuli ilifyonzwa asilimia 24, na ile ya umbo linalopatikana zaidi kwenye chai, asilimia 17. Kitunguu cha sokoni kiliishinda kapsuli kwa zaidi ya mara mbili, kwa sababu kwesetini yake imefungwa na sukari ambayo utumbo mwembamba unajua kuipokea. Zinazobaki hushuka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja kuwa asidi ndogondogo, na baadhi ya hizo huingia kwenye damu. Bakteria wa mtu mmoja si wa mwingine. Watu wawili wanaweza kunywa birika moja na wasipate kitu kilekile.

Kakao ina kisa kirefu zaidi. Norman Hollenberg wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda kwa Wakuna, watu wa visiwa vya San Blas nchini Panama, akakuta shinikizo la damu halipandi kwa umri kama lilivyo kwingi duniani. Wenzao waliohamia Jiji la Panama walianza kupata presha kama watu wengine. Wa visiwani walikunywa kakao; wa mjini hawakunywa kama wao. Bila shaka wa visiwani walikula pia samaki zaidi na kuishi bila mbio za mjini, na hilo ndilo lililolazimu jaribio la kweli kufanywa.

Jaribio hilo linaitwa COSMOS, na kampuni ya chokoleti ya Mars ilikuwa miongoni mwa waliolifadhili. Wamarekani 21,442, wanaume wa kuanzia miaka 60 na wanawake wa kuanzia 65, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kapsuli za dondoo la kakao zenye miligramu 500 za flavanoli (jamii ya katekini) kwa siku, wengine kapsuli tupu. Matokeo ya mwaka 2022 yanahitaji kusomwa polepole. Idadi ya jumla ya matukio ya moyo na mishipa ilipungua kwa asilimia 10, upungufu ambao kitakwimu unaweza kuwa wa bahati tu. Vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27. Anayetaka kuuza atataja 27 peke yake. Lakini swali kuu la jaribio lilikuwa lile la kwanza, na jibu lake halikutimiza kiwango.

Tena kapsuli ile si chokoleti ya dukani. Kakao ya Kyela, Tanzania, ikitoka shambani huchachushwa na kukaushwa, na kila hatua hupunguza flavanoli. Kiwandani unga mwingi hutiwa magadi ili uwe mweusi na usiwe mchungu. Vipimo vya Marekani vilivyochapishwa mwaka 2008 vilikuta unga usiotiwa magadi una wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli kwa gramu, na uliotiwa kwa wingi 3.9 tu. Unga mweusi unaopendeza kwenye keki ndio uliopoteza zaidi.

Kwa Afrika Mashariki, mmea ulio karibu zaidi na ushahidi ni rozela. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, waliwachukua watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda, wasiotumia dawa, wakawapa baadhi yao vikombe vitatu vya chai ya rozela kila siku kwa wiki sita. Shinikizo la juu lilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki. Kwa waliopewa kinywaji cha kufananisha lilishuka 1.3. Hilo ni badiliko la maana kwa kitu kinachooteshwa uani. Lakini kila kikombe kilikuwa na gramu 1.25 tu za rozela, na waliokunywa walikuwa watu ambao presha yao ilikuwa imepanda kidogo tu. Juisi nzito iliyokolezwa sukari si kinywaji kile kilichopimwa Boston.

Mpaka upo pia upande wa ugonjwa wenyewe. Mti wa miiba wa Ulaya, Crataegus, wenye flavonoidi nyingi, umetumiwa huko kwa moyo kwa vizazi. Dondoo lake lilijaribiwa kwa wagonjwa 2,681 ambao moyo ulishashindwa kazi, na matokeo ya mwaka 2008 hayakuonyesha kwamba liliahirisha vifo na kulazwa kwa kiwango cha kuaminika. Kuukinga mshipa mzima ni kazi moja. Kuuinua moyo uliokwisha kulegea ni kazi nyingine.

Wahudumu wa kliniki za presha wana sababu ya ziada ya kuuliza mgonjwa anamezea nini vidonge. David Bailey wa London, jimbo la Ontario, Kanada, alitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la dawa ya presha, felodipini, akakuta dawa imejaa kwenye damu mara kadhaa ya ilivyotarajiwa. Kwanza ilishukiwa naringini, flavonoidi ya balungi. Baadaye mkosaji alithibitika kuwa kundi jingine, furanokumarini, linalozima kimeng'enya cha kuvunja dawa utumboni. Simvastatini ya kushusha lehemu nayo huathirika. Na mama mjamzito mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na mlo: vitu vilevile vinavyotanua mshipa hushika madini ya chuma ya maharage na mchicha yasifyonzwe. Akisubiri saa moja, athari hupungua.

Kenya ina chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima na kituo cha utafiti wa chai cha Kericho mwaka 2011, yenye katekini na anthosianini ndani ya jani moja. Inafaa ipimwe kwa wanywaji wa hapahapa, na jaribio si lazima liwe kubwa kuliko la Berlin: watu 16, mashine ya ultrasaundi, chai ya rangi, chai ya maziwa na maji moto. Sharti liwe moja, chai ya maziwa ipikwe kama inavyopikwa nyumbani. Berlin waliongeza maziwa yasiyo na mafuta, asilimia 10 ya kikombe. Katika sufuria nyingi za huku maziwa ni nusu, tena yamechemka pamoja na majani.