Somo Linalokungoja Ndani ya Simu



Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima nchini walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio na kujadili somo. Aliyechelewa njiani alikuta sauti imekwisha kupita, maana redio haimsubiri mtu. Leo somo la sauti lililowekwa kwenye intaneti laweza kukungoja ndani ya simu, hata siku za kuvuna alizeti.

Fanya hivi.

Kwanza, fungua duka la programu la simu yako. Andika herufi tatu: V, L, C. Herufi hizo mmekwisha kuzijua. Alama yake ni koni ya barabarani, ya rangi ya chungwa na nyeupe. Programu hii ni ya bure. Mtu akikwambia inauzwa, usimwamini.

Pili, ifungue. Ikikuomba ruhusa ya kusoma mafaili yaliyomo simuni, ikubalie.

Tatu, pakua somo mahali penye mtandao mzuri. Kulipakua kunakula bando. Kulisikiliza baadaye hakuli kitu, hata ukilirudia mara kumi.

Nne, mwalimu akisema upesi mno, punguza mwendo wa sauti. Usipoelewa, rudisha nyuma.

Lakini kusikia si kuelewa. Basi sikilizeni wawili au watatu, kisha mwulizane: Amesema nini? Je, ni kweli? Sisi tutafanya nini?

Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana katika somo lijalo.