Shujaa wetu, nani anamuchora?



Leo tutazungumuza juu ya BD. Musicheke. Mutoto anajifunza kupenda inchi yake mu vitabu vya picha mbele ya kuisoma mu Katiba.

Waamerika wako na Captain America. Alitoka mwisho wa 1940, na ku jalada la kwanza anapiga Hitler ngumi, wakati Marekani ilikuwa haiyaingia mu vita. Joe Simon na Jack Kirby wenye kumuchora walikuwa wa familia za Wayahudi. Walijua walikuwa wanatafuta nini.

Wabelgiji wako na Tintin. Mu 1930 walimuleta kwetu Kongo. Mu kile kitabu anasimama mbele ya watoto weusi na kuwafundisha kama inchi yao ni Ubelgiji. Mu 1946 wakachora upya: somo likakuwa la hesabu. Somo lilibadirika, mwalimu hakubadirika.

Na siye? Mu 1968, pale Kinshasa, kulianza gazeti Jeunes pour Jeunes. Watu wake, kama Apolosa, walisema Hindubill, luga ya barabarani. Kisha mu 1977 kukatoka BD ya Mobutu, yeye mwenyewe njo shujaa. Kupenda inchi kukageuka kupenda mukubwa. Ule ugonjwa hauyaisha: mutu anavaa tishati yenye sura ya mukubwa, anasema huo ni uzalendo.

Mutaniambia: na Black Panther? Alichorwa Marekani mu 1966. Wakanda yake iko na vibranium, na hakuna mutu anaitosha bila ruhusa. Siye tuko na shaba na kobalti. Makamiyo yanaenda Kasumbalesa kila siku, vumbi njo inabakia kwetu. Wengine wanasema tunakosa T'Challa wetu.

Mimi ninakataa. Mufalme tulikuwa naye: Msiri, pale Bunkeya, humu humu Lualaba. Alikataa bendera ya Léopold, wakamuua tarehe 20 Desemba 1891. Lakini huyo Msiri alitoka upande wa Tanzania ya leo, na aliuzisha watu. Kama tunamuchora, tuchore yote.

Kuko hatari moja ya kungojea shujaa: shujaa haulizwi kitu. Makuta ya watu inaulizwa. Sheria ya migodi ya 2018 inasema wazi: ku redevance, asilimia 25 ni ya jimbo, na asilimia 15 ni ya muji, komine, sekta ao shefri kwenye mugodi uko. Basi twende ku biro, tuko wengi, tuulize: ile 15 iliingia ngapi? Ilijenga nini? Jibu tuliandike, tulibandike ku ukuta kila mutu asome.

Na wewe mwenye kujua kuchora, chora hiyo: mama wa soko mbele ya biro ya komine, karatasi mu mukono, nyuma yake mustari murefu wa watu.