Maneno ya Mwenyekiti: Tujuane na Wanunuzi Wetu



Miaka 10 tumeweka hisa, tumekopeshana, tumerejesha. Hilo tumeliweza. Leo nasema juu ya wanunuzi.

Mkopo tunaupata, alizeti tunailima, halafu mwezi wa sita dalali anakuja mlangoni na gunia lake la lumbesa, na bei anataja yeye. Tunamuuzia kwa kuwa hatumjui mwingine. Jamani, mama amekopa ili amtajirishe dalali!

Wenzetu wanaokamua mafuta wametuonyesha njia. Mwenye mashine wanaelewana naye. Mashudu yanachukuliwa na wafugaji. Dereva wa lori akirudi Dodoma anawaletea habari za bei ya Kibaigwa, maana nao humtafutia mzigo.

Lakini kujuana si kupeana namba za simu tu. Mtu akichanganya mafuta ya mwaka jana na mapya, mteja hatasema ni ya fulani, atasema "mafuta ya akina mama wale".

Basi msimu huu tusiuze gunia mojamoja. Tukusanye pamoja, tupime kwa mizani, na wawili wetu waende kuongea na wenye viwanda Singida mjini kabla ya mavuno. Nauli tuichange; mfuko wa jamii tusiuguse, ule ni wa misiba na magonjwa. Majina ya watakaokwenda tuyapate leo hii, kabla ya chakula.