Wingi wetu na faktire ya materinite
Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Katuba na Kenya, Lubumbashi, kisha ile konferensi juu ya wingi wa watu na nguvu ya taifa



Mulituomba tuwaeleze tulichosikia kwenye konferensi ya juzi. Tulienda watu saba. Tuliketi nyuma, karibu na mlango, juu tulikuwa tunangoja simu. Dada wa mwenzetu mmoja alikuwa amejifungua tangu siku nane, mtoto muzima, mama muzima, lakini hawamuachi atoke mpaka faktire ilipwe. Tunalisema hilo mwanzoni ili mujue tulisikiliza na masikio ya namna gani.

Mzungumzaji ni mutu wa masomo. Jina lake hatutaji, juu hatukuja hapa kushambulia mutu. Alisema mambo matatu. La kwanza: wingi ni nguvu. Congo iko na watu zaidi ya milioni 100, na zaidi ya nusu yao hawajafikia miaka 18, wakati Ulaya inazeeka na Japani inapungua kila mwaka. La pili: Wazungu walilegea juu ya leta kuwabeba. Leta inalipa dawa, inalipa pansheni, inalipa hata mama kwa kuzaa, basi watu wakaona mtoto hana kazi tena. La tatu: kwa hiyo Congo isiige njia ile. Taifa lenye nguvu linataka vijana wengi, wenye nidhamu, wasiodai-dai.

Ukumbi ulipiga makofi. Kwa lile la kwanza, sisi pia tulipiga. Tusidanganyane. Kijana wa Congo amechoka kuambiwa kila siku kwamba yeye ni tatizo, na siku anaambiwa yeye ni nguvu, mikono inaenda yenyewe. Lakini tulipotoka inje tulianza kuulizana, na maulizo yale njo tunawaletea leo.

Tuanze na hiyo milioni 100. Nani alituhesabu? Hesabu ya kweli ya watu wote wa nchi hii, nyumba kwa nyumba, ilifanywa mwaka 1984. Wakati ule tulikutwa kama milioni 30. Wengi katika sisi tuliomo humu tulikuwa hatujazaliwa, na wengine hata mama zetu walikuwa watoto. Tangu hapo, namba zote munazosikia ni makadirio. Viti vya bunge vinagawanywa kufuata wale walioandikishwa kupiga kura, na kadi ya kupiga kura njo tunatumia kama kitambulisho. Ni kusema, leta inakujua siku inataka sauti yako. Siku unataka dawa, haikujui. Mzee mwenye duka anajua mifuko ya unga iliyobaki kwake. Sisi ni taifa linalojivunia mali ambayo halijaihesabu kwa miaka zaidi ya 40.

Halafu tujiulize kama wingi peke yake uliwahi kutukinga. Ubelgiji ilipochukua Congo mikononi mwa Leopold mwaka 1908 ilikuwa na watu wapatao milioni 7 tu, na nchi yetu inapita yao karibu mara 80 kwa ukubwa. Na tusiende mbali. Goma ilianguka mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Tulikuwa wengi siku ile pia. Jirani aliyewapa nguvu, kama wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walivyoandika, hana hata sehemu ya tano ya watu wetu. Basi kitu kinachokosekana kwetu si watu.

Sasa jambo la pili, lile la leta inayobeba raia wake. Hapa tunataka mutusikilize vizuri, juu njo pale tulidanganywa kwa heshima.

Ile leta haikutoka katika huruma wala ulegevu. Ujerumani ilianza na Bismarck: bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali za kazini 1884, pansheni 1889. Bismarck hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Alikuwa amekwisha kupiga marufuku vyama vya wasoshalisti tangu 1878. Aliogopa wafanyakazi waliojipanga, na alitaka taifa lenye mikono mizima. Waingereza nao, wakati wa vita yao ya Afrika Kusini, kati ya 1899 na 1902, waliona vijana wengi waliokuja kujiandikisha jeshini wanarudishwa: wamekonda, meno mabovu, vifua vyembamba. Baada ya miaka michache, mwaka 1906, bunge lao likaruhusu watoto walishwe shuleni. Wafaransa walioshindwa vita mwaka 1870 waliishi na hofu kwamba Wajerumani wanawazidi kwa watoto. Mwaka 1945, nchi yao bado ni majivu, wakaanzisha bima ya jamii kwa watu wote wa kazi.

Munaona? Wale walitafuta nguvu ya taifa, sawasawa na mzungumzaji wetu. Na katika kuitafuta walikutana na mtoto mwenye njaa na mfanyakazi mgonjwa, wakaelewa kwamba pale njo pa kuanzia. Basi kutuambia kwamba leta ya namna ile inadhoofisha taifa ni kusoma kitabu kutoka ukurasa wa mwisho.

Kuna sehemu ambayo alisema kweli, na tumupe haki yake. Mutu akijua watoto wake hawatakufa, na akijua atakula siku mikono yake imechoka, anazaa watoto wachache. Ni kweli. Lakini Korea ya Kusini, ambako leta inatumia kidogo kwa mambo ya jamii ukilinganisha na nchi zingine tajiri, mwaka 2023 ilifika mtoto 0,72 kwa kila mwanamke, chini kuliko karibu dunia nzima. Ufaransa, inayotumia sehemu kubwa sana ya mali yake kwa raia, mwaka uleule ilikuwa karibu 1,7. Kama leta kubeba raia njo inamaliza watoto, ingekuwa kinyume.

Kijana mmoja alisimama kule ukumbini akasema tatizo ni mama zetu, wanazaa sana. Huyo naye tumujibu. Uchunguzi wa afya wa 2013 na 2014 ulikuta mwanamke wa Congo anazaa kwa wastani watoto 6,6. Muulize mama yeyote wa Katuba juu ya nini. Atakuhesabia waliozaliwa, kisha atakuhesabia waliobaki. Atakuambia mzee asiye na pansheni, mtoto njo pansheni yake. CNSS iko, lakini iko kwa wenye kazi za kuandikwa, na ni wangapi humu wenye kazi ya kuandikwa? Mama yule anafanya hesabu yake vizuri kabisa. Leta njo haijafanya yake.

Ndugu, sisi watu wa Lubumbashi hatukuhitaji kwenda mpaka Ulaya kutafuta mfano. Tuko tumeketi juu yake.

Union Minière, miaka ya kwanza, ilichukua wafanyakazi kutoka mbali kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kambini, wengine walitoroka, kila mwaka inabidi kutafuta wengine. Kuelekea 1928 kampuni ikabadili mpango. Mikataba ya miaka mitatu, mwanaume alete mke, posho kwa mke na kwa watoto, nyumba, materinite, kupima uzito wa watoto, shule za wamisionari. Watoto wakaongezeka kambini, wakakua, wakawa wafanyakazi. Hakuna aliyefanya vile kwa mapendo. Walikwisha kupiga hesabu: mutu muzima anayebaki anatoa shaba nyingi kuliko mutu anayekufa. Hata mkoloni, ndugu, alifahamu kwamba watu bila materinite si nguvu.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Desemba 1941 wafanyakazi walewale walisimamisha kazi, juu vita ilipandisha bei na mshahara haukutosha. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, na askari wakafyatua risasi. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, aliuawa pale. Siku ile watu walijua tofauti ya posho na haki. Posho, mwenye kuitoa anaweza kukupa leo na kukupiga risasi kesho. Na Gécamines iliyorithi kazi ile ilipoanguka, shule na hospitali zikaanguka pamoja nayo. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya watu 10.000 waliondoka kazini katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kilichotolewa na kampuni kilikwenda na kampuni. Kwa hiyo sisi hatudai baba mwingine wa kutulea. Tunadai kitu kilichoandikwa, chenye bajeti, ambacho raia anaweza kukifuatilia na kuuliza.

Na kimekwisha kuandikwa! Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43: masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za leta. Kifungu cha 47: haki ya afya. Masomo ya bure yalianza Septemba 2019, miaka 13 kisha Katiba. Madarasa yakajaa, na walimu wengi wakabaki bila mshahara wa leta. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kuzaa ni bure, wakaanza Kinshasa. Tunasema ni vizuri. Tunauliza tu, huku kwetu ile simu tuliyokuwa tunaingoja ilikuwa ya nini?

Kuna jambo moja la mwisho lililotokea kule, na tulisita kama tulilete hapa. Wakati wa maulizo mutu mmoja alisema: “Wingi ni muzuri, lakini angalieni banani banaongezeka. Kila treni ya Kasai inashusha batu.” Wengine wakacheka. Mzungumzaji hakumukemea.

Wazee wanajua maneno yale yanafika wapi. Mwaka 1992 na 1993 jamaa wa Kasai, wengi wao wamezaliwa hapahapa, walifukuzwa Likasi, walifukuzwa Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni na watoto wao wakingoja mabehewa. Walikuwa wameitwa wadudu kwanza. Kabla ya kumufukuza mutu unamugeuza namba, kisha unasema namba ni kubwa mno. Sisi tunataka hesabu ya watu, ndiyo, lakini ile inayouliza “shule ngapi zinahitajika hapa?” Ile inayouliza “hawa ni wa nani?” tutaikataa, hata kama anayeiuliza ni mutu wetu. Na juzi tulinyamaza. Watu saba, hakuna aliyesimama. Tunaomba musamaha kwa kunyamaza kule.

Simu ilikuja kabla ya konferensi kuisha. Walitaka dola 140, na familia ilikuwa na 60. Tulitoka, tukachanga njiani, mwenzetu mmoja akatoa zamu yake ya likelemba aliyoipokea wiki ile, makuta ya kodi ya nyumba. Saa kumi na mbili jioni dada alitoka na mtoto mgongoni. Mlangoni mama yake akatuambia: “Banasema mutoto njo utajiri. Sasa utajiri wetu, juu ya nini banaufunga?” Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetoka kusikiliza saa mbili za maneno juu ya nguvu ya taifa, na nguvu ya taifa ilikuwa imelala mgongoni mwa dada, siku nane duniani, siku zote nane ndani ya deni.

Basi tunawaomba mambo matatu, madogo, ya wiki hii.

Moja: kila aliye na mtoto mchanga nyumbani au kwa jirani, amusindikize mzazi kwa ofisi ya raia kabla siku 90 hazijapita. Ndani ya siku zile, sheria inasema hakuna malipo. Mukiombwa makuta, mutuambie. Tutaenda pamoja.

Mbili: tunaanza daftari. Kila mama aliyezuiliwa juu ya faktire, tuandike kartie, siku alizofungiwa, na makuta aliyoombwa. Jina la mama hatuandiki. Hatuendi kupigana na manesi, juu hata wao wengi hawalipwi. Daftari likijaa tutalipeleka kwa wabunge wa jimbo, mchana, kwa amani, na tutauliza bajeti ya afya ilikwenda wapi.

Tatu: mukisikia mahali popote, ndani ya bisi, sokoni, hata kanisani, mutu anahesabu makabila kwa dharau, musicheke. Sisi tulikwisha kujua ubaya wa kunyamaza.

Wengine watasema daftari ni kitu kidogo mbele ya milioni 100. Tunakubali, ni kidogo. Lakini tangu 1984 hakuna aliyekuja kutuhesabu. Tuanze sisi wenyewe, na tuanze na yule mtoto.

Daftari liko pale mezani, na kalamu mbili.