Kabla ya Lami: Uwajibikaji katika Mipango na Fedha za Barabara Nchini Uganda

Mwaka 2024 Bunge la Uganda lilipitisha sheria za kuifuta Mamlaka ya Taifa ya Barabara, iliyojulikana zaidi kwa kifupisho cha UNRA, pamoja na Mfuko wa Barabara wa Uganda, na majukumu ya taasisi zote mbili yakarejeshwa katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Hatua hiyo ilikuwa sehemu ya mpango mpana wa Serikali wa kuunganisha mashirika ya umma kwa lengo la kupunguza gharama za uendeshaji. Mada hii haijadili kama gharama hizo zitapungua. Inakusudia kuonyesha kwamba, kwa kuwa anayepanga barabara, anayelipia matengenezo yake na anayesimamia ujenzi wake sasa wanakaa chini ya paa moja, kinga kubwa iliyobaki ya fedha za wananchi ni uwazi wa nyaraka katika hatua zinazotangulia ujenzi, na kwamba kinga hiyo haina budi kuwekwa na sheria badala ya kuachiwa hiari ya maofisa.

Utengano uliofutwa ulikuwa na sababu zake. UNRA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kazi Julai 2008, ili wizara ibaki na sera na usimamizi, na barabara kuu zijengwe na chombo chenye wahandisi wake. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Mfuko wa Barabara, ambayo iliweka msingi wa tozo za watumiaji wa barabara, yaani malipo yanayotozwa kwenye mafuta, leseni za magari, magari ya nje yanayopita nchini na faini za kuzidisha uzito, ili malipo hayo yatumike katika matengenezo peke yake. Tanzania na Kenya zilikuwa zimekwisha kupita njia hiyo, na hoja yake ni nyepesi kueleweka: mwenye gari hulipia barabara kila anapojaza mafuta, kwa hiyo fedha hizo ziende barabarani moja kwa moja bila kusubiri kugombewa na mahitaji mengine ya Serikali.

Nchini Uganda hoja hiyo ilibaki kwenye karatasi. Ili tozo ziingie katika Mfuko moja kwa moja ilihitajika kurekebisha sheria inayoitaka Mamlaka ya Mapato kupeleka makusanyo yote katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, na marekebisho hayo hayakufanyika kwa muda wote wa uhai wa Mfuko wa Barabara. Matokeo yake Mfuko uliendelea kuomba fungu katika bajeti ya kila mwaka na kupokea fedha kwa robo mwaka, kama idara nyingine yoyote, kisha kuzigawa kwa UNRA, kwa Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) na kwa wilaya na manispaa. Matengenezo ya barabara hayangoji kalenda ya Hazina. Ufa mdogo wa lami ukiachwa hadi mvua za masika hunyonya maji, maji hulainisha tabaka la chini, na magari huvunja kilichobaki, hivyo kazi ambayo ingegharimu kidogo mwezi Februari hugeuka ukarabati mzima mwezi Juni. Mfuko ulinyimwa mrija wake tangu mwanzo, na mada hii inashikilia kwamba kuuhukumu kuwa ulishindwa si haki, kwa sababu haukupata kujaribiwa jinsi sheria ilivyokusudia.

Kwa upande wa ujenzi kasoro zilikuwa nzito zaidi. Tume ya Uchunguzi iliyoundwa mwaka 2015 chini ya Jaji Catherine Bamugemereire ilikabidhi ripoti yake Mei 2016, ikieleza kwamba katika takriban shilingi trilioni 9 zilizopitia UNRA kati ya mwaka 2008 na 2015, takriban trilioni 4 zilipotea kwa ubadhirifu. Kiasi hicho kimerudiwa mara nyingi mno bila kuulizwa swali lenye faida zaidi, nalo ni hili: fedha hizo zilipotea katika hatua gani ya mradi?

Barabara ya Mukono–Katosi–Nyenga, yenye urefu wa kilomita 74, inajibu sehemu ya swali hilo. Zabuni ilipewa kampuni iliyotumia jina la Eutaw na kujitambulisha kuwa ya jimbo la Mississippi nchini Marekani. Mapema mwaka 2014 ililipwa shilingi bilioni 24.7 kama malipo ya awali, yaani fedha anazopewa mkandarasi kabla ya kazi ili akusanye mitambo na wafanyakazi. Malipo ya aina hii hutolewa dhidi ya dhamana, ambayo ni ahadi ya maandishi ya benki au kampuni ya bima kwamba itarudisha fedha endapo mkandarasi atakimbia. Ilikuja kubainika kwamba kampuni iliyolipwa haikuwa ile iliyodai kuwa. Kesi ilifika katika Mahakama ya Kupambana na Rushwa, ambayo mwaka 2018 iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa na kumwachia huru aliyekuwa waziri wa ujenzi. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba lami haikuwa na nafasi yoyote katika wizi huo. Kila kilichoharibika kiliharibika mezani: katika uhakiki wa kampuni, katika uhakiki wa dhamana, katika saini ya mkataba na katika idhini ya malipo. Simu moja kwa kampuni halisi ya Mississippi kabla ya saini ingefanya kazi ambayo mahakama ilichukua miaka kuifanya, na orodha ya wazabuni pamoja na anwani na sifa zao, kama ingetangazwa hadharani kwa wiki chache, ingempa mwandishi wa habari au mkandarasi mshindani nafasi ya kuipiga simu hiyo.

Si kila hasara ni wizi. Barabara ya kasi ya Kampala–Entebbe, yenye urefu wa kilomita 51 na iliyofunguliwa Juni 2018, iligharimu dola milioni 476, zikiwemo dola milioni 350 za mkopo wa Benki ya Exim ya China, nayo ikajengwa na kampuni ya China ya CCCC. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 9 kwa kila kilomita. Huenda gharama hiyo ina maelezo, kwa kuwa njia hiyo inakatiza mabonde na vinamasi na ina madaraja mengi. Lakini mkopo unaoambatana na mkandarasi wa nchi ya mkopeshaji hupunguza ushindani ambao kwa kawaida ndio unaoonyesha bei halali, na pale ushindani unapopungua ndipo upembuzi yakinifu unapohitajika kuwa wazi zaidi. Upembuzi yakinifu ni uchunguzi unaofanywa kabla ya uamuzi, unaopima kama mradi unahitajika, njia ipi ni nafuu, nani ataathirika na gharama itarudi vipi. Tangu Januari 2022 mwenye gari dogo hulipa shilingi 5,000 kupita barabara hiyo kwa urefu wake wote. Anayelipa ana haki ya kusoma hesabu iliyomfikisha hapo.

Udhaifu wa mipango huonekana zaidi kwenye ardhi. Awamu ya pili ya Barabara ya Mchepuko wa Kaskazini jijini Kampala ilianza mwaka 2014 na kukamilika mwaka 2021, na miongoni mwa sababu za kuchelewa kwake ni fidia kwa wenye ardhi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya UNRA dhidi ya Irumba Asumani, iliamua kwamba Serikali haiwezi kutwaa ardhi ya mtu kabla ya kumlipa, kwa sababu Ibara ya 26 ya Katiba inadai fidia ya awali. Wapo maofisa waliouona uamuzi huo kama kikwazo cha maendeleo. Mtazamo huo unakosea. Ardhi ambayo haijalipiwa ni gharama ambayo haijaandikwa, na mkataba unaosainiwa kabla ya ardhi kupatikana humfanya mkandarasi akae na mitambo iliyozimwa huku akidai fidia ya muda uliopotea na riba ya hati za malipo zilizochelewa; hayo yote hulipwa na mlipakodi yule yule.

Mfano wa Kamwenge ni wa huzuni zaidi, na haufai kupitwa harakaharaka. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wake kwa mradi wa barabara ya Kamwenge–Fort Portal baada ya kuthibitika kwamba wafanyakazi wa mradi waliwadhulumu kingono wasichana wenye umri mdogo. Wakazi wa Bigodi na vijiji jirani ndio waliopeleka malalamiko katika Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo. Barabara ilikuwa na mhandisi mshauri, mkandarasi, wizara na wilaya, na kati ya hao wote wanakijiji hawakupata mlango wa karibu kuliko ule wa Washington. Mpango wa mradi usioeleza mwananchi atalalamika wapi, kwa nani, na atajibiwa ndani ya siku ngapi, haujakamilika, hata kama michoro yake ya kihandisi haina dosari.

Uganda ina uzoefu wake wenyewe wa kile ambacho uwazi unaweza kufanya. Uchunguzi wa ufuatiliaji wa fedha za umma uliofanywa na Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotumwa na Serikali Kuu. Baadaye Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kubandika shuleni kiasi kilichotumwa, na sehemu iliyofika shuleni ikaongezeka sana. Watafiti wengine wamehoji ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na matangazo peke yake, kwa kuwa mageuzi mengine yalikwenda sambamba nayo; hata hivyo, hakuna aliyeonyesha kwamba kuficha takwimu kulisaidia shule yoyote.

Aprili 2023 jambo linalofanana na hilo lilitokea Kampala kwa njia isiyopangwa. Mwanazuoni na mchora vibonzo Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika wakazi kuonyesha mtandaoni picha za mashimo ya barabara za jiji, picha zikamiminika, na Rais akaagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba. Wananchi walishinda, na wanastahili pongezi. Lakini fedha iliyotolewa kwa agizo baada ya aibu haina orodha ya barabara zilizopewa kipaumbele wala vigezo vya kuzichagua, na mtaa usio na wakazi wenye simu janja hubaki na mashimo yake.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 tayari inampa raia haki ya kuomba nyaraka za Serikali, lakini inamtaka aombe, tena ajue jina la kitu anachokiomba. Bango linalosimikwa kando ya barabara inayojengwa ni kipimo kizuri cha hali ilivyo: mara nyingi lina jina la mwajiri, la mkandarasi, la mhandisi mshauri na la mfadhili, nembo zikiwa kubwa, na halina bei ya mkataba, tarehe ya kumaliza, vipimo vya tabaka na mitaro ya barabara wala nambari ya kupigia. Kuongeza mistari hiyo minne hakuhitaji mkopo wowote. Mwalimu mstaafu wa Mukono anayejua kwamba mtaro ulipaswa kuwa na upana wa mita moja anaweza kuupima kwa kamba.

Kwa kuwa utengano wa kitaasisi umeondolewa, semina ambako mada hii inawasilishwa inaombwa ipendekeze kwa wizara na kwa Bunge kanuni yenye nguvu ya sheria kwamba mkataba wa barabara hautaanza kutumika, na malipo ya awali hayatatolewa, mpaka upembuzi yakinifu, tathmini za zabuni, dhamana zilizohakikiwa na hali ya fidia ya ardhi viwe vimechapishwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuvisoma bila kuomba kibali. Inaombwa pia ipendekeze kwamba makusanyo ya tozo za barabara yatangazwe kila robo mwaka sambamba na kiasi kilichopelekwa katika matengenezo kwa kila wilaya, ili pengo lililofichika kwa muda wote wa uhai wa Mfuko wa Barabara lionekane kwa macho. Ibara ya 159 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kuidhinisha au kukataa kila mkopo wa Serikali, na hakuna kinacholizuia kuanza kutumia masharti haya kwa mkopo wa barabara wa kwanza utakaoletwa mbele yake.